Madoa ya Paka wa Mwajuma

Juzi nilikuwa stendi ya Kibiti nikisubiri kiroba changu cha mchele kutoka Ikwiriri. Kijana mmoja wa bodaboda akanijia mbio na simu mkononi. "Bi mkubwa, cheki hii. Chui kaingia bandani kwa maza, kala kuku wote."

Nikavaa miwani. Kwenye picha palikuwa na mnyama mwembamba, madoa meusi mwili mzima, mkia mrefu wenye pete nyeusi na nyeupe kuanzia shinani hadi nchani. Nikamwambia, "Mwanangu, chui wako huyu ana pua ya panya. Huyu ni kanu. Mwambie mama yako azibe matundu ya banda, maana kanu anapita hata penye upana wa ngumi." Wenzake wakamcheka mpaka akainamisha kichwa, kwa sababu picha alikwisha kuirusha kwenye magrupu yote, na huko Mbuchi watu walikwisha kuacha kwenda kuokota kuni kwa kumwogopa huyo kanu.

Nilicheka nami, lakini njiani kurudi nyumbani nikawa nawaza. Nyinyi vijana mna simu zinazoweza kupiga picha ya nzi juu ya mbuyu, ila hamna wa kuwaambia mnachokiona. Basi mimi niseme, maana kusema najua, na haya niliyaishi.

Nimestaafu kazi ya wanyamapori. Zamani afisa wa kazi hiyo aliitwa Bwana Nyama, na jina likawaganda watu hata vyeo vilipobadilishwa. Mimi ni mwanamke, lakini nikiingia kijijini na pikipiki watoto walipiga kelele, "Bwana Nyama kaja." Marehemu mume wangu, Mungu amrehemu, alikuwa akigongewa mlango na kuulizwa kama Bwana Nyama yupo, anajibu bila kutabasamu, "Yupo jikoni, anakaanga samaki." Jina langu ni Somoe, lakini hapa Kibiti ukiuliza nyumba ya Somoe utazungushwa. Uliza kwa Bwana Nyama, utaletwa hadi mlangoni.

Nataka kuwaeleza habari ya ngozi za wanyama: madoa, mistari na mabaka. Watu huyasifia kwa uzuri wake, na kweli ni mazuri, hata wachora kanga wameyaiba. Ila uzuri ule si wa kupendezea harusini. Kila doa lina kazi, na asiyeijua kazi ya doa anaweza kuingia matatani. Yuko mwanamke mmoja anaitwa Mwajuma, wa bonde la mpunga upande wa Mahege, ambaye madoa hafifu kama chai iliyomwagikia shuka yalitaka kumtoa roho, yeye na mwanawe. Habari yake nitaifikia. Kwanza mjue mimi nilifundishwa vipi kuona.

Aliyenifundisha ni Mzee Mbonde, Mndengereko wa huku huku, askari wa siku nyingi. Alikuwa mkali wa maneno na mpole wa mikono. Siku ya kwanza kuingia naye porini alinisimamisha mbele ya kichaka cha kawaida kabisa, akaniuliza, "Unaona nini?"

Nikasema naona majani.

"Haya, endelea kuona majani," akasema. Akaketi, akatoa muhogo wa kuchoma mfukoni, akaanza kula. Mimi nimesimama, jua linanichoma, natafuta mnyama. Natafuta masikio, natafuta pembe, natafuta macho. Muhogo ukaisha. Akajipangusa mikono, akasema, "Wee mtoto, acha kutafuta mnyama. Mnyama hutomwona. Tafuta kitu kilicholala. Mti umesimama, nyasi zimesimama, matete yamesimama. Mgongo ndo unaolala."

Nikaacha kutafuta mnyama, nikatafuta mlalo. Nikauona mstari mmoja wa kahawia umelala kati ya vitu vilivyosimama. Nikaufuata, nikapata shingo, nikapata jicho linanitazama, na ghafla pongo mzima, yule swala wa vichakani, akawa mbele yangu, karibu kiasi cha kumrushia kiatu. Ubavuni alikuwa na vitone vyeupe, na kichakani mle jua lilikuwa linapenya majani na kuacha vitone vile vile chini. Sikuweza kusema kipi ni kitone cha jua na kipi cha pongo. Nilifurahi kama niliyemuumba mimi. Nikapiga hatua moja, pongo akabweka, akapotea.

Mzee Mbonde akasema, "Sasa umemwona. Kumwona si kumkaribia."

Hiyo ndiyo kazi ya kwanza ya madoa na mistari: kumkatakata mnyama vipande vipande ili jicho lako lishindwe kumuunganisha. Chui ni hodari wa kazi hiyo. Ukimtandika ngozi yake sakafuni inang'aa kama nguo ya sikukuu, unajiuliza kiumbe huyu anajificha vipi. Mpandishe juu ya mkuyu wenye majani na vivuli, utapita chini yake unapiga mluzi. Na kila chui ana madoa yake, hakuna wawili waliofanana. Tulikuwa tunawatambua kwa madoa ya ubavu mmoja tu, tukichagua sehemu moja na kuishika kichwani, maana ukitaka kushika mwili mzima utachanganyikiwa.

Lakini msidhani wote wanajificha. Tulikuwa na dereva wetu Seifu, kijana mtanashati, mwenye maneno mengi na subira kidogo. Siku moja tulikutana na nyegere katikati ya njia. Mnamjua nyegere: mfupi, tumbo na miguu myeusi tititi, na mgongoni kama amejitanda shuka jeupe toka utosini hadi mkiani. Seifu akapiga honi. Nikamwambia, "Zima gari, mwache apite." Akasema, "Bi Somoe, kitu kidogo kama hiki kinisimamishe mimi na gari la serikali?" Akapiga honi tena, akasogeza gari. Nyegere hakukimbia. Aligeuka, akaliendea gari, akauma tairi. Akaliachia, akaliuma tena kwa mkao mzuri zaidi. Tukakaa pale hadi alipojisikia kuondoka. Mnyama anayetaka kujificha hawezi kuvaa nyeupe juu ya nyeusi. Yule anataka aonekane toka mbali, ili kila mwenye akili apishe. Seifu alibadilisha tairi huku nikimshikia spana na kujizuia kucheka.

Ni Seifu huyo huyo aliyenifahamisha pundamilia, bila yeye kujua. Watu hubishana kama pundamilia ni mweupe mwenye mistari myeusi au mweusi mwenye mistari myeupe. Mimi nimemwona aliyenyolewa na ugonjwa wa ngozi, na chini ya manyoya ni mweusi, basi mjadala nimeufunga. Ila mistari ni ya nini? Zamani tuliambiwa inamchanganya simba. Huenda. Lakini siku moja tuliingia pori la mbung'o, wale mainzi wanaouma hata juu ya nguo, na Seifu amevaa traksuti mpya ya bluu iliyokoza aliyoinunua mnadani. Nilimwonya. Watu wa porini wote wanajua mbung'o wanapenda bluu na nyeusi, ndiyo maana mitego yao hushonwa kwa vitambaa vya rangi hizo. Seifu akasema traksuti ni traksuti. Tulipofika alikuwa anajipiga makofi mwili mzima kama mcheza ngoma, na pembeni yetu pundamilia wamesimama wametulia, wanatikisa mikia kwa uvivu tu. Nikawakazia macho. Mainzi yalikuwa yanawaendea, yanazunguka, yanashindwa kutua vizuri, yanarudi kwa Seifu. Miaka mingi baadaye nikasikia wataalamu nao wanasema hivyo hivyo, kwamba mistari inayumbisha macho ya nzi. Nikamwambia Seifu, "Wamekupiku akili, na wao hawakwenda mnadani."

Na twiga, ambao hapa kwetu hukaa upande wa kaskazini wa mto tu, kusini huwaoni, Mzee Mbonde alikuwa akisema hawavuki Rufiji kwa kuogopa kulowesha kanzu. Mabaka yao nayo kila mmoja na yake. Nimeshinda siku nzima nikiwatazama, na sijawahi kuona hasara kwa siku hizo. Nasema hivi kwa sababu wengi wenu mkisikia "mnyama" mnafikiria nyama, au hatari, au mtalii. Mwenyezi Mungu amevisha viumbe wake kwa mahesabu, na kukaa kuyatazama mahesabu hayo ni raha isiyo na kiingilio.

Sasa Mwajuma.

Mnajua maisha ya dungu, na asiyejua nimweleze. Mpunga ukikaribia kuiva bondeni, familia nyingi huhama kijijini na kwenda kuishi shambani, kwenye kibanda kilichoinuliwa juu ya nguzo, ili kuulinda mpunga na ndege, ngedere na nguruwe. Ukikaa dunguni unamshinda nguruwe kwa debe na kelele, ndege kwa teo la kurushia mawe. Adui asiyeshindika ni panya. Panya anakata mashuke usiku na mchana, na paka wa kijijini ukimleta bondeni hakai, siku ya pili yuko njiani anarudi kwao. Ndiyo maana wanawake wa bonde lile wanathamini sana mtoto wa paka shume, wa porini. Wanasema akikulia dunguni hajui kwingine. Ukimpata unamfunga shingoni kwa kamba ya ukindu, unampaka masizi ya mafiga miguuni na usoni ili asisahau jiko lake, na unamlisha uji. Mwenye paka wa namna hiyo huonewa wivu bonde zima.

Nilikuwa nimeitiwa habari ya nguruwe. Nikafika dungu la Mwajuma kabla ya adhuhuri, naye akanipokea kwa furaha ambayo haikuwa ya kuniona mimi. Alikuwa mwanamke kijana, mwenye nguvu na mcheshi. Mumewe alikuwa amekwenda Mbuchi kuvua kamba, na yeye alibaki shambani na binti yake Sharifa, wa umri ule wa kuuliza kila kitu.

"Bwana Nyama, mwaka huu panya watanitambua," akasema. "Mwone paka wangu. Mtoto tu, na miguu ile."

Sharifa alikuwa amekaa kivulini chini ya dungu, na mapajani kwake, juu ya kipande cha kanga, palikuwa na kitu cha rangi ya udongo mkavu, kikubwa kama paka mzima lakini chenye sura ya kitoto, kichwa kizito, macho yenye ukungu wa bluu. Miguu imepakwa masizi. Mtoto anakilisha uji kwa kidole, nacho kinanyonya kidole.

Nilichuchumaa. Nilikwisha kuanza kuwa na mashaka kwa sababu ya miguu. Mtoto wa paka shume anakaa kwenye kiganja, na mguu wake ni kama ncha ya kidole chako. Hiki kilikuwa na miguu ya kuazima. Nikatazama mkia, nikitafuta pete. Kanu ana pete, mondo ana pete, paka shume ana pete, hata chui mkia wake una madoa yanayojipanga mpaka nchani. Huu ulikuwa mtupu. Nikachukua upindo wa kanga, nikalowesha kwa maji ya kunywa, nikamfuta masizi mguuni. Masizi yakatoka. Chini yake pakabaki madoa mengine, ya kahawia iliyopauka, mviringo mviringo, yasiyotoka hata nilipofuta kwa nguvu. Nikafuta paji la uso. Nayo yapo.

Mnajua simba mkubwa hana doa. Kila mtu anajua, na hilo ndilo lililomponza Mwajuma. Alipomwona mtoto wa mnyama mwenye madoa, simba ndiye mnyama wa mwisho ambaye angemfikiria. Lakini simba huzaliwa na madoa. Mama yake akienda kuwinda humwacha mtoto peke yake kwenye nyasi kutwa nzima, hana mbio wala meno, na fisi wanapita. Ulinzi wake ni madoa yale na kunyamaza kimya. Akikua yanafifia.

Nikamwita Mwajuma pembeni. "Mwanangu, umemwokota wapi?"

"Kule mwisho wa shamba, penye kichuguu na matete. Asubuhi navuna, nikamwona kalala. Mama'ke kamtupa."

"Hakumtupa. Simba anahamisha watoto mmoja mmoja kwa mdomo. Huyu alikuwa anasubiri zamu yake."

Akanitazama. Nadhani neno lilichelewa kumfikia. Kisha akamtazama Sharifa, akakaa chini pale pale kwenye majani makavu. Hapa kwetu simba si hadithi. Karibu kila ukoo wa bonde lile una jina la mtu ambaye alichukuliwa, na majina hayo hayatajwi ovyo. Naye alikuwa amembeba mtoto yule kifuani kutoka kichuguuni hadi dunguni, njia nzima ikibaki na harufu.

Mwenyekiti wa kitongoji alipopata habari alikuja na wanaume wawili na gobore. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na watu kwenye madungu bonde zima, na wote walikuwa shingoni mwake. "Bwana Nyama," akasema, "kitoto tukifunge hapa hapa nguzoni. Watu tuwatoe. Mama akija kukifuata, wewe una bunduki, sie tuna gobore, tummalize. Yaishe."

Nikamwambia, "Mwenyekiti, mpunga huu unafika kifuani. Simba hatakuja kwa kufuata foleni. Utamwona akiwa amekwisha fika. Tukimpiga vizuri, sawa. Tukimpiga vibaya, tutakuwa na simba mwenye kidonda na uchungu wa mtoto, katikati ya watu waliojaa bondeni. Anachokitaka ni kimoja, na tunacho. Tumrudishie."

"Na kama kishanusa mkono wa mtu, akamkataa?"

"Simba si kuku. Hamkatai mwanawe kwa harufu."

Nilisema kwa uhakika kwa sababu nilikuwa na uhakika. Kazi ile ukiwa na mashaka kaa nyumbani. Mwenyekiti akakuna kichwa, akatazama jua. "Haya. Ila kabla ya jioni. Jua likizama na kitoto kiko hapa, naamua mie."

Ikabaki shida moja. Mpunga wa bonde unafanana, vichuguu ni vingi, na aliyejua ni kichuguu kipi ni Mwajuma peke yake. Kumweka mtoto mahali pasipo pake ni sawa na kumtupa, na mama angeendelea kufuata harufu mpaka dunguni.

"Siendi," akasema Mwajuma. Alikuwa amempakata Sharifa, amembana kwa mikono miwili. "Dada, mie nina mtoto."

"Ndiyo maana unakwenda," nikamwambia. "Mimi siwezi kupaona ulipopaona wewe. Sharifa ataondoka sasa hivi na pikipiki ya mwenyekiti, akale ugali kijijini. Wewe utakaa nyuma yangu. Nikisimama, simama. Na chochote kitakachotokea, hukimbii. Ukikimbia sitakuwa na la kukusaidia."

Sharifa aliondoka analia, si kwa ajili ya mama yake, anamlilia paka.

Tuliondoka wakati wa alasiri. Mtoto wa simba nilimpa Mwajuma ambebe ndani ya kanga, maana mimi mikono yangu ilikuwa na bunduki. Nilimwagiza tuzungumze kwa sauti ya kawaida njia nzima. Jifunzeni hilo: penye mnyama mkali usiende kwa kunyata. Mnyama anayekusikia toka mbali ana nafasi ya kuamua kukupisha, na mara nyingi hupisha. Mnyama unayemshtua hana nafasi ya kuamua. Basi tukazungumza. Mwajuma alianza kwa kunieleza bei ya kamba wa Mbuchi. Bei ikaisha, akaingia kwenye dua, nami nikaitikia. Pembeni ya njia mpunga uliishia, zikaanza nyasi ndefu zilizokauka, rangi ya mkate. Tulipita tukizigusa kwa bega.

Kichuguu tulikifikia. Alikuwa na hakika nacho, kwa sababu mganda wa mpunga alioukata asubuhi ulikuwa bado uko pale. Nikachungulia matete. Palikuwa na mlalo wa nyasi zilizolaliwa na manyoya, na hakuna mtoto mwingine. Wenziwe walikwisha kuhamishwa. Akabaki huyu.

Mwajuma akamweka chini, na ndipo tukakumbuka ukindu aliomfunga shingoni. Fundo lilikuwa limekaza kwa unyevu wa uji. Niliona mtoto yule akikua na kamba shingoni mpaka imkabe. Mwajuma alijaribu kufungua kwa kucha, mtoto akaanza kulia, sauti ya ukali mdogo iliyokwenda mbali. "Acha kucha," nikamwambia, "tumia kisu." Akachomoa kisu cha kuvunia kiunoni. Akaingiza kidole chake kati ya ukindu na shingo ili kisu kikikosea kimkate yeye, akakata. Nilimheshimu mwanamke yule tangu hapo.

Tukarudi kinyumenyume, nyuso zetu zikielekea kichuguu, hadi dungu la jirani lililokuwa tupu, tukapanda. Toka juu nilikiona kichuguu vizuri, na yule mtoto kama punje ya kahawia chini yake, analia. Nikatoa darubini. Nilitazama matete yote, nikatazama ukingo wa mpunga, nikatazama miti ya mbali nilikodhani mama angetokea. Nilitafuta kilicholala, nilitafuta kilichosogea. Hakuna kitu. Upepo unapita kwenye nyasi, ndege wanatua. Jua likashuka kidogo. Nikamwambia Mwajuma bado hajafika, yuko mbali, tuvute subira.

"Au kahama moja kwa moja," akasema.

"Atakuja."

Mtoto akanyamaza kulia. Hapo ndipo nilipoona vitu viwili vyeusi, vidogo, vimetokea juu ya nyasi kavu. Simba kwa mbele ni rangi ya nyasi tupu, lakini nyuma ya masikio ana alama nyeusi, kila sikio na yake, ili watoto wakimfuata kwenye majani marefu wasimpoteze. Maana yake, ukiziona alama zile, simba amekupa kisogo. Alikuwa ameacha kututazama sisi, amegeuka kumtazama mwanawe. Na hakuwa mbali, wala hakuwa upande wa miti. Alikuwa ndani ya zile nyasi za rangi ya mkate tulizozigusa kwa bega, kando kabisa ya njia tuliyopita kwenda na tuliyopita kurudi.

Akainuka. Alikuwa mkubwa, mbavu zinahesabika, maziwa yanamning'inia. Akaenda kichuguuni bila haraka, akamnusa mtoto, akamlamba masizi yaliyobaki usoni, akamlamba tena. Kisha akamwinua kwa ngozi ya shingo na kuingia naye kwenye matete, kuelekea mtoni. Matete yakatikisika mara chache, yakatulia.

Mwajuma alikuwa ameshika nguzo ya dungu.

"Bwana Nyama," akasema, "tulipopita pale, ulikuwa umemwona?"

Nikamwambia, "Hapana."

Akatikisa kichwa polepole. "Nilikuwa nimembeba mwanawe kifuani," akasema. "Kaniona nimembeba, kaniacha nipite."

Nilitaka kumweleza habari za silika, na za kwenda kwa sauti, na kwa nini simba hupisha watu mchana. Yote ni kweli na yote nayajua. Lakini Mwajuma alikwisha kushuka dunguni, kisu cha kuvunia kimebaki sakafuni, na alikuwa anakwenda kwa kasi njia ya kijijini kumchukua Sharifa.